Dhahabu ya mtoni: kwa nini haifiki Bagamoyo

Bei ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia mnamo Oktoba 2025, mambo mawili yalitokea ambayo wafanyabiashara wa madini wanayajua tangu zamani. Waliokuwa na dhahabu waliishika. Wasiokuwa nayo walianza kuitafuta mahali ambapo haipo.

Katika ukanda wa pwani kaskazini ya Dar es Salaam, kutoka Mpiji hadi Saadani, mahali hapo ni mtoni. Ukanda huu unapitiwa na mito miwili mikubwa, Ruvu na Wami, na yote inatoka milimani. Mchanga wake unameta juani, na kwenye kingo kuna mistari ya mchanga mweusi baada ya mafuriko. Mtu mwenye karai, kipande cha shamba kando ya mto na maneno matamu anaweza kumshawishi mwenye akiba ndogo kwamba chini ya kokoto hizo kuna utajiri.

Je, kuna hesabu yoyote ya kibiashara ndani yake? Jibu linapatikana kwa kuangalia jinsi mto unavyobeba dhahabu, na jinsi dhahabu ya mito ilivyochimbwa hapa nchini katika karne iliyopita.

MTO NI CHEKECHE

Dhahabu haizaliwi mtoni. Inazaliwa kwenye miamba, mara nyingi ndani ya mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu. Mwamba unapooza kwa jua na mvua kwa maelfu ya miaka, chembe za dhahabu huachiliwa. Mvua huzisukuma hadi korongoni, korongo huzipeleka kijitoni, na kijito huzipeleka mtoni.

Kuanzia hapo uzito ndio unaoamua. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji. Kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, ni nzito mara mbili na nusu hivi tu. Maji yenye nguvu ya kubeba kokoto ndogo hayana nguvu ya kubeba punje ya dhahabu ya ukubwa huo huo. Kwa hiyo punje inaanguka mapema: nyuma ya jiwe kubwa, kwenye ufa wa mwamba ulio chini ya mto, mahali ambapo mto unapinda, au pale ambapo mteremko unaisha na maji yanapunguza mwendo.

Ndiyo maana mchimbaji mzoefu wa dhahabu ya mtoni hashughuliki na mchanga wa juu. Anachimba hadi kwenye kokoto za chini kabisa, zinazogusana na mwamba. Ndiyo maana pia dhahabu ya mtoni hukaa karibu na chanzo chake. Kadiri mtu anavyoteremka na mto, punje zinazidi kuwa ndogo na chache, mpaka zinabaki kama unga unaoelea juu ya maji ya karai na kupotea.

Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru. Wami unakusanya maji ya Ukaguru, Nguru na sehemu za Dodoma. Hadi inapofika baharini, mito hii imeshapita nyanda pana zenye mteremko mdogo, na kitu chochote kizito kama dhahabu kimeshaachwa njiani.

Kinachometa kwenye mchanga wa Ruvu kwa kawaida ni ulanga, ambao miamba ya Uluguru inao kwa wingi na uliwahi kuchimbwa huko tangu enzi za Wajerumani. Ulanga ni mwepesi, una umbo la jani, na unasafiri mbali. Njia ya kuutofautisha ni rahisi: dhahabu ikigongwa kwa nyundo inatanuka, ulanga unavunjika vipande.

MCHANGA MWEUSI UNASEMA NINI

Hoja ya pili ya wauzaji wa mashamba ya mtoni ni mchanga mweusi. Ni kweli kwamba palipo na dhahabu ya mtoni pana mchanga mweusi. Lakini si kweli kwamba palipo na mchanga mweusi pana dhahabu.

Mchanga huo ni mchanganyiko wa madini mazito kiasi: magnetaiti inayonaswa na sumaku, ilmenaiti yenye titani, ganeti, rutaili na zirkoni. Uzito wake ni mara nne hadi tano ya maji, yaani ni mzito kuliko kwatsi lakini mwepesi sana ukilinganishwa na dhahabu. Pia punje zake ni ngumu na hazioozi upesi. Kwa sababu hizo zinasafiri hadi baharini, kisha mawimbi yanazichekecha upya na kuzilaza ufukweni.

Hiyo ndiyo hazina halisi ya mchanga katika pwani hii. Kampuni ya Strandline Resources ya Australia ilifanya utafiti kwa miaka kadhaa kutoka Tanga hadi kusini ya Dar es Salaam, ikiwa ni pamoja na eneo la Bagamoyo. Huko Fungoni, Kigamboni, ilitangaza akiba ya tani milioni 12.3 za mchanga wenye asilimia 3.9 ya madini mazito. Desemba 2021 ilitia saini na Serikali mkataba wa kampuni ya ubia, Nyati Mineral Sands, ambamo Serikali ina asilimia 16. Mwaka 2024 Strandline ilikubali kuuza mali zake za Tanzania kwa kampuni ya Shenghe ya China, na mwaka 2025 kampuni yenyewe iliingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni huko Australia.

Biashara hiyo ni ya mitambo mikubwa, mikopo ya benki na meli. Mwenye karai hana nafasi ndani yake. Lakini inaonyesha kile ambacho mito imekuwa ikileta pwani kwa muda wote huo, nacho ni titani na zirkoni.

SOMO LA LUPA

Kwa dhahabu ya mtoni yenyewe, mfano mkubwa wa Tanzania ni Lupa, wilayani Chunya. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1922, na kwa miaka zaidi ya kumi uchimbaji wake ulikuwa hasa wa mchangani: katika makorongo, vijito na kokoto za mto Lupa unaoelekea bonde la ziwa Rukwa.

Jiolojia ya Lupa ilimpendelea mchimbaji mdogo. Eneo hilo ni la miamba ya kale sana ya graniti na naisi, iliyokatwa na mishipa mingi midogo ya kwatsi yenye dhahabu. Mishipa ilikuwa mingi lakini myembamba. Ilipooza, dhahabu yake haikwenda mbali, bali ilitapakaa kwenye udongo wa miteremko na kwenye makorongo yaliyo karibu. Mtu aliweza kuanza kazi na koleo, sururu na karai.

Kasoro yake ilikuwa maji. Mito mingi ya huko hukauka kiangazi. Wachimbaji walilazimika kutumia mashine za kupepeta kwa upepo, ambazo hupeperusha udongo mkavu na kuacha punje nzito. Njia hiyo hupoteza dhahabu nyingi laini.

Hata hivyo watu walimiminika. Sababu ilikuwa bei. Uingereza iliachana na kiwango cha dhahabu mwezi Septemba 1931, na mwanzoni mwa 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Wakati huo huo bei za mkonge na kahawa zilikuwa zimeanguka kwa mdororo wa dunia. Wazungu waliofilisika mashambani walikwenda Lupa kujaribu bahati. Vijana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe walikwenda kwa maelfu kufanya kazi za vibarua, na chakula cha nyanda za juu kikapata soko jipya. Mji wa Chunya ukasimama.

Kisha kokoto zikaisha. Dhahabu ya mtoni ina kasoro ambayo mhasibu yeyote anaielewa: ni akiba isiyozaa. Mto ulitumia maelfu ya miaka kuiweka. Watu wanaiondoa kwa miaka michache. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 wenye mitaji walikuwa wameshageukia mwamba. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956 na kutoa wakia zipatazo 270,000. Ulipofungwa, Chunya ilinyauka, na tumbaku ikachukua nafasi ya kwanza katika uchumi wa wilaya.

Dhahabu ya Lupa haikuisha. Ilibaki ndani ya mwamba, mahali ambapo karai halifiki. Kampuni ya Shanta ilianza kuzalisha katika mgodi wa New Luika mwaka 2012, miaka 90 baada ya ugunduzi wa kwanza. Mto ulikuwa kielelezo tu cha kilichokuwa kilimani.

HANDENI NA SAKALE

Mifano miwili iko karibu zaidi na Bagamoyo, na yote ni ya mkoa wa Tanga.

Wa kwanza ni Magambazi, wilayani Handeni, ambako wachimbaji wadogo walitangulia kampuni. Kampuni ya Canaco ya Canada ilichoronga mwamba huo na kutangaza matokeo mazuri mwaka 2010. Hisa zake zilipanda mara nyingi hadi mwanzoni mwa 2011, kisha zikaporomoka. Makadirio ya 2012 yalionyesha wakia zipatazo 721,000 za uhakika wa kati, kwa kiwango cha gramu 1.48 kwa tani. Dhahabu ipo, tena kwenye miamba ya naisi ambayo kwa muda mrefu ilidharauliwa ukilinganisha na ile ya kanda ya Ziwa. Lakini walionunua hisa kileleni hawakulipwa kwa kuwa dhahabu ipo.

Wa pili ni Sakale, katika milima ya Usambara Mashariki. Mwishoni mwa 2003 habari za dhahabu kwenye vijito vya huko zilivuta maelfu ya watu katika muda mfupi. Vijito hivyo viko jirani na hifadhi ya mazingira ya Amani na vinalisha mto Sigi, ambao ndio chanzo cha maji ya jiji la Tanga. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji na kuwaondoa watu, ingawa baadhi waliendelea kuingia msituni kwa kificho.

Kwa mfanyabiashara, Sakale ina somo moja. Aliyetoa bidhaa kwa mkopo kwenye machimbo yasiyo na leseni amekopesha watu ambao kesho wanaweza kutawanywa na polisi. Deni hilo halina dhamana wala anwani.

HESABU YA KIKUNDI CHA WATU 12

Chukua mfano wa kufikirika. Kikundi cha watu 12 kinafanya kazi kwa mikono. Kokoto zenye dhahabu zina unene wa nusu mita na zimefunikwa na udongo mtupu wa mita mbili. Ili kuosha mita 10 za ujazo za kokoto, lazima kwanza waondoe mita 40 za udongo. Hiyo ni kazi ya wiki nzima.

Tuseme kokoto hizo zina gramu 0.3 kwa kila mita ya ujazo, kiwango ambacho kwa dhahabu ya mtoni si kibaya. Jumla ni gramu 3. Mwalo wa kawaida wenye zulia hauokoi zote. Ukiokoa asilimia 60, zinabaki gramu 1.8. Dhahabu ya asili ina fedha ndani yake; ikiwa usafi wake ni asilimia 85, dhahabu halisi ni gramu 1.53.

Wakia moja ni gramu 31.1. Kwa bei ya dola 4,000 kwa wakia, gramu ni kama dola 128.6. Mapato ya wiki ni dola 197, yaani kama dola 16 kwa kila mtu, kabla ya chakula, dizeli ya pampu, sehemu ya mwenye shamba na mrabaha wa Serikali. Kwa bei ya mwaka 1999, iliposhuka hadi karibu dola 252, kazi hiyo hiyo ingeleta dola 12 kwa kikundi kizima.

Sasa linganisha na hesabu ya muuzaji. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile iitwayo PML, haizidi hekta 10 kwa madini kama dhahabu. Muuzaji huchukua hekta zote 10, huzidisha kwa nusu mita ya kokoto, na kupata mita 50,000 za ujazo. Akizidisha kwa gramu 0.3 anapata kilo 15, zenye thamani ya karibu dola milioni 2. Kwenye karatasi hakuna kosa la kujumlisha.

Kosa liko mtoni. Dhahabu haikusambazwa sawasawa kama siagi juu ya mkate. Imelala katika ukanda mwembamba uliofuata njia ya zamani ya maji. Ukanda huo ukiwa asilimia 5 ya eneo, kokoto zake ni mita 2,500 tu, na dhahabu itakayopatikana baada ya upotevu na usafi ni kama gramu 380, zenye thamani ya dola 49,000. Kikundi kilichotajwa hapo juu kitahitaji wiki 250 kuimaliza, karibu miaka mitano. Leseni yenyewe ni ya miaka saba.

Sampuli moja iliyochukuliwa kwenye ufa mzuri wa mwamba haithibitishi hekta 10. Kinachothibitisha ni mashimo mengi yaliyochimbwa kwa mistari kukata bonde, kila shimo hadi kwenye mwamba, na kila moja likipimwa ujazo wa kokoto na uzito wa dhahabu. Mwekezaji anayekataliwa kuchimba mashimo hayo kabla ya kulipa ameshapata jibu lake.

SHERIA NA MAJI YA JIJI

Mito ya ukanda huu ina jambo jingine ambalo Lupa haikuwa nalo. Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini, Bagamoyo, mwaka 1976. Tope linalovurugwa juu linalipiwa chini kwa dawa za kusafishia maji. Zebaki inayomwagwa mtoni haisafishwi kwa shabu. Inaingia kwenye samaki na kamba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mchimbaji wa mwamba sharti hilo halina uzito mkubwa. Kwa mchimbaji wa mtoni, mita 60 hizo ndizo biashara yenyewe. Wami nao, kabla ya kuingia baharini, unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005.

Kununua shamba si kununua madini yaliyo chini yake. Madini yako chini ya leseni ya Tume ya Madini, na leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu. Hati ya kijiji inayosema "shamba la dhahabu" haina nguvu kisheria mbele ya mwenye PML, na mwenye PML naye anapaswa kuelewana na mwenye ardhi.

Upande wa kuuza, hali imeboreka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya mitaani, mauzo rasmi yalipanda haraka. Utaratibu huo uliposimama, dhahabu ikarudi kwa walanguzi. Masoko ya madini yaliyofunguliwa kuanzia Machi 2019, la kwanza likiwa Geita, yalirudisha mizani, kipimo cha usafi na bei inayoonekana. Mwaka huo huo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya zuio na VAT kwenye mauzo hayo. Anayekataa kupeleka dhahabu yake sokoni na kutaka kuiuza nyuma ya gesti huko Msata au Chalinze ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni shaba iliyong'arishwa.

PESA YA MTO IKO WAPI

Mito ya Bagamoyo inazalisha pesa kila siku bila dhahabu. Mchanga wa ujenzi unapanda malori kwenda Dar es Salaam. Kokoto za Lugoba zinatoka kwenye miamba ile ile ya naisi inayoishia hapo kabla ya kuzama chini ya mawe machanga ya pwani. Chumvi inakaushwa kwenye mabwawa kando ya mikoko. Faida yake kwa kila tani ni ndogo, lakini mnunuzi anajulikana, bei inajulikana na mali inaonekana kwa macho.

Kwa mwenye akiba anayetaka dhahabu kwa dhati, njia inaelekea juu ya mto, siyo chini yake: kwenye kilima chenye mwamba uliopimwa na leseni iliyokaguliwa kwa Tume ya Madini. Aliyeko mdomoni mwa mto na kuahidiwa dhahabu anauziwa kitu ambacho maji yalishakiacha kilomita nyingi nyuma.